Makaa ya Magenga

Nyinyi mnaopita Burumba mkinunua nyama ya kukaushwa kwa moshi na kwenda zenu, kaeni kidogo niwaambie. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna pipa lililopinduliwa, mdomo chini, na hata wale wanaookota vyuma chakavu wanalipita mbali. Mwenye pipa ni Trizah, jirani yangu. Mengine haya alinieleza mwenyewe, kwa vipande vipande, akilia. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mimi Makokha. Sijaongeza chumvi.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Alhamisi, na Trizah alikwenda Malaba kwa Anyait, mwanamke wa Kiteso anayeuza makaa nyuma ya foleni ya malori. Kuchagua makaa, kwa Trizah, kulikuwa kama ibada. Hakununua gunia kwa macho. Aliingiza mkono mpaka kwapani akatoa vipande vya chini, maana wauzaji hupanga mazuri juu na vumbi chini. Akagonganisha viwili karibu na sikio. Kaa zuri hulia kama chuma. Akakivunja kimoja aone kama ndani kinang'aa, akakipima uzito mkononi, kisha akakigusa kwa ulimi ajue kama kimemwagiwa maji.

"Ai! Wewe utamaliza duka langu kwa kulamba," Anyait alimtania. "Hii ni mkwaju, imetoka Amukura. Ukiwasha jioni, inakuamsha asubuhi uchemshie chai."

"Ukinidanganya nitakuletea majivu yake uyanywe na hiyo chai."

Wakacheka. Trizah alikuwa na haki ya kuwa mgumu hivyo. Nyama ya moshi haitaki pupa. Unaikata mikanda, unaitia chumvi, unaining'iniza kwenye waya ndani ya pipa. Makaa unayarundika upande mmoja chini, unayafunika na jivu yasikimbie kuisha, unatupia vijiti vibichi vya mpera vitoe moshi. Mfuniko ukishawekwa jioni, hautoki mpaka jogoo. Ukiufunua usiku, joto linatoka, nyama inatoa jasho, na nyama iliyotoa jasho huoza kabla dereva hajafika Tororo. Ya Trizah ilifika Juba ikiwa kama imekaushwa jana. Madereva walimwita kwa simu wakiwa bado Eldoret, wasije wakakuta imeisha.

Jioni hiyo ilinyesha mvua ya kuchapa, na baridi ikashuka ambayo si ya kwetu. Katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya vitunguu, alikuwa amelala baba mkwe wake, Mzee Mulama. Alikuwa ametoka nyumbani Bukhayo wiki mbili nyuma kwa ajili ya kifua, awe karibu na daktari. Mume wa Trizah, Josphat, ni dereva wa lori. Alimwacha babake mikononi mwa mkewe, akaenda safari. Na desturi ya kwetu mnaijua: baba mkwe halali chini ya paa moja na mkaza mwana wake, na mkaza mwana haingii anapolala mkwe. Ndiyo maana mzee aliwekwa stoo. Chakula aliachiwa mlangoni. Akitaka kitu, alikohoa kwanza, ndipo akasema.

Saa mbili usiku alikohoa.

"Mama," alisema kutoka gizani. "Nitilie makaa mawili matatu kwa jiko. Hii baridi imeniingia kwa mifupa."

Trizah alikuwa ameshafunika pipa. Yaliyobaki kwenye gunia alikuwa ameyahesabia nyama ya kesho.

"Mzee, makaa ni ya nyama. Nikianza kutoa, haitatosha. Jifunike tu na ile blanketi."

"Sawa, mama. Hakuna neno."

Blanketi lenyewe lilikuwa moja, tena jepesi. Trizah alilijua hilo. Ndani ya nyumba kulikuwa na mengine mawili mazito, yamekunjwa juu ya kabati. Hilo pia alilijua.

Usiku wa manane akasikia mfuniko wa pipa ukilia kidogo. Akaruka kitandani, akafungua dirisha kwa hasira.

"Mzee! Usifunue hiyo pipa! Unataka kuniharibia nyama?"

Alisikia malapa yakiburutwa kwenye matope, kisha mlango wa stoo ukafungwa polepole, jinsi mtu anavyofunga akiogopa kusumbua. Trizah akarudi kulala, na usingizi, kwa aibu yake, ukamchukua vizuri.

Asubuhi nyama ilikuwa imekauka sawasawa. Chai ya mzee ikapoa mlangoni. Trizah aliita mara tatu, kisha akaja kwangu mbio, kwa sababu yeye haruhusiwi kuingia. "Mzee Makokha, njoo uniangalilie." Niliingia. Mzee alikuwa amejikunja kama mtoto, mikono ameibana kwapani. Nilipata kazi kuitoa ile mikono. Watu wakasema ni moyo, wengine wakasema ni kifua. Trizah, bila kuulizwa na mtu, akasema jiko ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Nilimwangalia tu. Hakuna aliyekuwa ametaja jiko, na la mzee lilikuwa tupu, halina hata jivu.

Josphat alirudi siku ya tatu, macho mekundu. Akamshika mkewe mabega. "Usiku huo alisema nini?"

"Hakusema kitu," Trizah alimjibu. "Alilala vizuri."

Uongo ukishatoka mdomoni huwezi kuuita urudi. Siku ya mazishi kule Bukhayo, Josphat alisimama mbele ya watu wote akasema babake hakufia mikononi mwa mkaza mwana, alifia mikononi mwa binti yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Trizah alitazama chini. Aliniambia kwamba makofi yale yalimuuma kuliko matusi yoyote aliyowahi kutukanwa.

Sasa kuna jambo la magenga, na hapa ndipo maji yalipozidi unga. Mzee mwenye boma akifa, tunawasha moto mkubwa uwanjani, magogo mazima, nao huwaka usiku na mchana mpaka matanga yaishe. Ndiyo magenga. Wanaume wanalala kando yake. Hauzimwi, unajifia wenyewe, na siku ya tatu, ukihesabu na ile ya mazishi, majivu yanafagiwa jua likishuka. Magogo ya Mzee Mulama yalikuwa ya mkwaju, mkwaju wa mpakani mwa shamba lake. Dada wa marehemu, Senge Nabwire, yaani shangazi yake Josphat, bibi mfupi mwenye sauti ya kukata, aliwaonya wote tangu mwanzo.

"Huu moto si wa kupikia. Hata kaa moja mtu asibebe. Mwenyewe anakuja kuota hapa kabla hajaenda. Mkimwondolea, ataufuata huko mlikoupeleka."

Watu tulimzika mzee Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumapili alfajiri simu ya Trizah ikalia. Dereva wa Juba alitaka kilo arobaini, anaondoka kesho yake saa sita, na akikosa atamtafuta mwingine. Trizah akampigia Anyait. Anyait akasema mvua imeingia kwenye matanuri, hakuna mkwaju wala kitu, amebaki na ya mkaratusi tu, ambayo inawaka kama karatasi.

Trizah alikuwa amesimama karibu na magenga alipokuwa akizungumza. Wanaume walikuwa wanakoroma kwenye viti. Mbele ya miguu yake kulikuwa na ncha ya gogo, imeungua mpaka ndani, nyeusi, imezimika. Mkono ukaenda wenyewe. Akavunja kipande, akakigonga na kingine. Kililia kama kengele ya kanisa. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kushika makaa mazuri namna hiyo.

Haya yamezimika, alijiambia. Moto ni ule mwekundu. Na isitoshe mzee mwenyewe alikuwa mpole, hangekataa. Ajabu ya mtu: usiku ule alimnyima mzee makaa mawili matatu, na sasa anatumia upole wake huyo huyo kumchukulia gunia zima. Alijaza, akafunga, akawaambia wa nyumbani anakwenda kuangalia nyumba Burumba, atarudi kesho kufagia majivu.

Jioni alipanga nyama kwenye pipa. Alipotia makaa yale hakupuliza hata mara moja. Kibiriti kimoja, yakashika yote kwa pamoja, kimya, bila cheche. Akafunika. Akaenda kulala na taa ikiwaka, jambo ambalo si kawaida yake.

Saa nane hivi aliamka. Kulikuwa kimya mno. Hata mbwa wa Burumba, ambao hawana adabu, walikuwa wamenyamaza.

Mfuniko ukalia kidogo.

Alibana pumzi. Labda paka. Akajiambia ni paka.

Kisha kikohozi. Kikavu, mara mbili, kama cha mtu anayebisha hodi kwa kifua.

Trizah alisogea dirishani kwa magoti. Akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Uwanja ulikuwa mtupu. Pipa lilikuwa wazi, mfuniko umeegemezwa ukutani taratibu, kama umewekwa na mtu anayejali mali ya watu. Ile benchi yake ya kukatia nyama ilikuwa imevutwa mpaka kando ya pipa. Hakuna aliyeikalia. Lakini moshi ulikuwa unatoka, unafika juu ya benchi, unagawanyika. Unapita huku na huku. Juu kidogo unaungana tena.

Ulikuwa unamzunguka mtu.

"Mama," sauti ikasema, chini kabisa, karibu na dirisha kuliko benchi ilivyokuwa. "Nitilie mawili matatu."

Alitaka kulia. Akarudi nyuma kwa makalio mpaka mgongo ukagonga kabati. Blanketi mbili zikamwangukia kichwani. Alikaa hivyo mpaka kukapambazuka, na zile blanketi hakuzitoa nje.

Asubuhi makaa yalikuwa bado yanawaka, mekundu, na hayakupungua hata moja. Lakini nyama ilikuwa mbichi. Ilikuwa baridi, baridi ya maji ya kisima, na mikanda yote imeota umande. Pipa lenyewe, lenye moto ndani, lilikuwa baridi ukiligusa. Joto lote la usiku mzima lilikuwa limekwenda mahali pengine. Trizah akachukua ndoo akamwaga maji. Makaa yakafoka, yakawa meusi. Akahesabu mpaka kumi. Yakawa mekundu tena.

Akampigia Anyait, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. Anyait alisikiliza, halafu akashusha sauti kana kwamba kuna mtu anamsikiliza upande wake.

"Makaa ya matanga? Wewe mwanamke! Hata sisi Wateso hatufanyi hivyo. Rudisha. Rudisha ikiwa inawaka, leo, kabla hawajafagia."

"Na wakiniuliza?"

"Wakikuuliza, sema. Kwani utakaa nayo wapi?"

Aliyachota yote kwenye debe, akayafunika na jivu, akalipakata juu ya nguo nzito. Saa tisa alasiri akasimamisha pikipiki. Jua lilikuwa kali mpaka lami inanata. Hawajafika hata nusu ya njia, mwendeshaji akaanza kujinyonganyonga mabega.

"Mama, mwambie mzee atoe mikono kwa koti yangu."

Trizah aligeuka kutazama nyuma. Alikuwa peke yake kwenye kiti cha nyuma, mikono yake miwili kwenye debe.

"Mama, nasema mzee wako! Mikono yake ni baridi sana. Ananishika kwa mbavu."

"Endesha tu," Trizah alinong'ona. "Ni mgonjwa. Anatafuta joto."

Mwendeshaji aliangalia kwenye kioo. Sijui aliona nini. Alisimama pale pale, akamwambia ashuke, na nauli hakuitaka. Trizah alimalizia njia kwa miguu, debe kichwani, na nyuma yake malapa yakiburutwa, yakisimama akisimama.

Tulikuwa uwanjani wote alipoingia. Senge Nabwire alikuwa ameshashika ufagio. Josphat alikuwa amekaa kwenye kiti cha babake, amenyolewa kichwa. Trizah akaweka debe chini.

"Ni mimi nilichukua makaa, Senge. Ya kukaushia nyama. Nimekosa. Nimerudisha."

Watu wakaguna. Senge alionyesha tu kwa ufagio. Trizah akamimina. Makaa yaliyokuwa yanawaka tangu jana yalianguka kwenye jivu la magenga yakawa meusi yote mara moja, bila moshi, kama taa inayozimwa. Niliyagusa mimi. Yalikuwa baridi kuliko mawe.

Senge alichuchumaa akayatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umerudisha makaa," alisema. "Yeye hajarudi. Mtu hafuati makaa bure, mtoto wangu. Anafuata kitu alinyimwa. Ulimnyima nini ndugu yangu?"

Trizah alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, ameniapia, lilikuwa limefika kwenye meno. Ndipo Josphat akainuka.

"Senge, tafadhali. Makaa ni makaa, tutachinja kuku yaishe. Lakini kumnyima? Huyu ndiye alikaa na baba mimi nikiwa mbali. Jana nimemwona kwa ndoto. Nilimuuliza, baba, walikutunza? Akasema, nilitunzwa. Hakulalamika hata kidogo." Akamgeukia mkewe, machozi yakimtoka. "Hakulalamika."

Kama mzee angelalamika, Trizah angekubali na yangeisha. Lakini mzee alimfichia, hata akiwa kaburini, na Trizah akamtazama mume wake usoni, akaona jinsi alivyokuwa amemwamini. Akalimeza lile neno.

"Sikumnyima kitu," alisema.

Senge Nabwire aliinama akaanza kufagia. "Haya. Lakini mimi nafagia majivu tu. Hilo lingine si la ufagio."

Baada ya wiki moja Josphat alianza kusikia baridi.

Mwanzoni tulimcheka. Mtu mzima, saa saba mchana, Busia hii yenye joto la kukaangia mayai, amevaa koti na kofia ya sufu! Alikunywa chai ikiwa inachemka na haikumuunguza. Akaanza kukonda. Alipimwa malaria, akapimwa kila kitu, daktari akasema hana ugonjwa. Usiku alilala katikati ya zile blanketi mbili nzito akitetemeka, mikono ameibana kwapani. Trizah alikuwa amelala kando yake akitazama ile mikono.

Mnaona sasa alipokuwa? Dawa alikuwa nayo mdomoni. Alichotakiwa ni kusema tu. Lakini akisema, anampoteza mume kwa njia moja, na asiposema, anampoteza kwa njia nyingine. Basi akatafuta njia ya tatu, kama sisi binadamu tulivyo. Aliacha kukausha nyama kabisa. Alinunua kwa Anyait gunia la mkwaju mzuri kuliko yote, na kila jioni akajaza jiko, akaliweka mlangoni pa stoo.

"Ota, mzee," alinong'ona. "Ota yote. Niachie huyu."

Makaa ya kuwaka usiku kucha yaliisha kwa saa moja. Jivu likabaki jeupe, na jiko limepoa kama limetolewa mtoni. Akaweka mawili. Akaweka matatu. Nilimwona mimi, jioni moja, amepiga magoti kati ya majiko matano yaliyowashwa, akiwa amejifunga leso mbili kwa baridi.

"Unamwashia nani?" Josphat aliuliza kutoka mlangoni, meno yakigongana.

"Nafukuza unyevu," Trizah akasema.

Kazi haingoji mgonjwa. Tajiri wake Josphat alimpa lori jipya, akaambiwa asipopanda atapewa mwingine. Akapanda hivyo hivyo, na koti lake, peke yake, maana utingo wake alikuwa Mombasa. Trizah alisimama barabarani akimtazama akipita mpaka, akajua, kama anavyojua makaa, kwamba mtu huyo hatafika mbali.

Simu ililia saa kumi na moja jioni. Nilikuwa pale, nilikuwa nimekwenda kumwazima shoka. Aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na masizi ya majiko.

"Trizah! Nimepona!" Josphat alikuwa anacheka. "Nakwambia nimetoa koti. Nimepita Tororo tu, baridi ikaniacha. Natoa jasho kama mtu!"

"Asante Yesu," Trizah alisema, akakaa chini.

"Lakini hebu sikia ajabu. Hiki kiti cha utingo ni cha moto. Nimeweka mkono. Ni kama mtu ameinuka saa hii. Na sijabeba mtu."

Kisha tukasikia, mimi na yeye, ndani ya simu, mara mbili: kikohozi kikavu. Josphat akaacha kucheka. Tulisikia lori likipunguza mwendo, likitoka barabarani, likisimama. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Trizah. Usiku ule, baba aliomba nini?"

Trizah alinitazama. Sikumsaidia, na sijui ningemsaidiaje. Alifumba macho akasema yote. Makaa mawili matatu. Dirisha, na maneno aliyotupa kupitia dirishani. Blanketi juu ya kabati, na kwamba zilikuwa mbili. Hakutaja desturi, hakutaja moshi unaoua. Alisema kama mtu anayetapika, na alipomaliza alikuwa ametota jasho.

"Uliulizwa na Senge," Josphat alisema. "Mbele ya watu. Mimi nikakutetea."

"Ndiyo."

"Nilikutetea, Trizah."

Simu ikakatwa.

Hajalala Burumba tangu siku hiyo, na huu ni mwezi wa tisa. Ni mzima, amenenepa, hana baridi tena. Anapita Malaba kila wiki mbili, analala ndani ya lori, na akitaka nguo zake ananituma mimi. Utingo hakai naye. Watatu wamemwacha, na ukiwauliza wanasema tu kwamba pale mbele hakuna nafasi. Trizah siku hizi anauza nyanya. Kila nikirudi kutoka Malaba ananiuliza swali moja, kama kile kiti bado kina moto, nami namwambia ndiyo, na yeye anatikisa kichwa na kuendelea kupanga nyanya zake.

Sijamwambia lingine. Wiki iliyopita nilipanda kwenye lori lile mwenyewe kuchukua mfuko. Halijamaliza mwaka, na kiti cha utingo bado kina nailoni yake ya dukani, haijatobolewa wala kukunjamana. Chini ya nailoni, kitambaa kimechakaa mpaka nyuzi zinaonekana, na kimebonyea sehemu moja ndogo, upana wa mtu aliyekonda sana.